Embe Linalomngoja Baba

Juzi, kwenye dirisha la tiketi za basi pale Runzewe, mama aliyekuwa mbele yangu alipigiwa simu ya video. Kabla ya kupokea alifungua haraka kitambaa cheusi cha msiba kichwani, akakisokomeza kwenye mkoba, akafuta macho. Kisha akatabasamu.

"Shikamoo mayu!" Alikuwa binti yake, anayefanya kazi ya hoteli visiwani Shelisheli. Ameshika embe bivu, kubwa kuliko kiganja chake. "Maembe ya huku yameiva. Mpe baba simu alione. Si la kwanza la msimu lazima aonje yeye?"

"Marahaba, mwanangu. Baba yako ametoka kidogo. We kula tu."

"Nile kabla ya baba? Hapana, mayu. Naliweka hapa dirishani. Akirudi mnipigie."

Simu ilipokatika, mama alinigeukia kana kwamba nimemuuliza. "Tulimzika wiki iliyopita. Wakubwa wa ukoo wamesema binti asiambiwe mpaka afike nyumbani, asije akalia peke yake ugenini."

Nikampa pole. Alikuwa akikitafuta kile kitambaa mkobani, machozi yakimdondoka katikati ya watu asiowajua.

Desturi hiyo naijua, na sijawahi kuibishia. Tunaiita huruma, na labda ni huruma kweli. Ila tangu juzi kisu kinanigomea kila nikitaka kumenya embe. Nalifikiria lile la dirishani, linavyozidi kuiva kumngoja mtu aliyekwisha kufukiwa.