Vitanda Nje, Baba Ndani

Wanaosema shule ile ilipendeza ilipogeuzwa bweni hawakulala mle. Mimi nililala. Chuo cha ualimu kilinipangia kitanda katika darasa la tano, chumba kilekile nilichochapiwa hesabu nikiwa mtoto. Ubao ulikuwa bado ukutani, ila wenzangu waliuandikia zamu za kufagia. Misumari ya ramani ilitundikwa suruali mbichi. Harufu ya chaki ilikwisha, ikaja ya soksi. Na paa, jamani! Mvua ikitoka ziwani, maji yalidondokea mto wangu, si wa mtu mwingine.

Paa hilo alilijenga baba yangu. Alikuwa seremala, na yeye na wanaume wa kijiji ndio walioijenga shule ile mimi nikiwa mchanga. Kila alipokwenda Homa Bay mjini, lazima apite kuliangalia. Basi mkuu wa chuo, mgeni asiyejua mila zetu, akamwita alitengeneze. Akasema wazi kwamba likivuja tena baada ya Jumapili, ataleta fundi wa Kisii aling'oe lote. Baba hakulala kwa habari hiyo.

Jumapili akaja asubuhi na ngazi, nyundo na kopo la lami. Matundu angeyaziba kwa juu, lakini boriti moja ilikuwa imeoza na ilitaka kushikiliwa kwa ndani. Akafika mlangoni, akasimama.

"Kitanda chako kiko wapi?"

"Kile pale, baba."

"Basi siingii."

Kwetu Wajaluo, baba haingii nyumba anamolala mwanawe wa kiume aliye mtu mzima, wala haoni kitanda chake. Hilo nalijua. Lakini alikuwa ameingia chumba kile miaka yote, kwa ibada na kwa mikutano ya wazazi!

"Baba, hiki ni chuo, si nyumbani."

"Kitanda hakijui chuo."

Nilitoa kitanda changu, nimenuna. Mwenzangu mmoja, Mkuria kutoka upande wa Migori, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwani kitanda chako kinauma watu?" Baba akachungulia dirishani.

"Na hivi vingine?"

"Si vyangu!"

"Ni vya watoto wa wanaume wa rika langu. Hao nao ni wanangu."

Mungu wangu! Vitanda kumi na vinane vya chuma vya vyumba vyetu viwili, magodoro, masanduku, ndoo. Tulivibeba vyote mpaka kwenye nyasi, wenzangu wakinitazama kama mwizi wa kuku. Mkuu wa chuo akapita, akaona malazi yake yameanikwa uwanjani, akaniuliza kama tunahama. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo baba akaingia. Boriti aliifunga haraka, kazi ya saa moja tu, na lami akaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikashukuru. Kumbe hajamaliza! Akashuka kutoka juu, akarudi ndani, akaanza kugonga kuta kwa kidole. Akafungua dirisha, akalifunga. Akapima mlango kwa shibiri. Akaenda chumba cha pili, ambacho hakikuwa na tundu hata moja, akakaa humo. Saa tisa mawingu yakajikusanya upande wa kisiwa cha Rusinga, meusi, na magodoro yetu yako nje.

"Baba, mvua!"

"Naja."

Hakuja. Wenzangu walianza kunung'unika. Nikaingia, nikamkuta amesimama katikati ya chumba kitupu, kofia mkononi, hafanyi lolote. Hasira zikanipanda. Nikampigia kelele mbele za watu, mimi, mtoto wake: "Mzee, si umemaliza? Toka basi, tulale!"

Akavaa kofia. Hakunikemea, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa maana baba yangu hakuwa mtu wa kunyamazia utovu wa adabu. Akaokota nyundo yake, akatoka mpaka nje ya kizingiti, akageuka.

"Haya, rudisheni vitanda," akasema. "Vikisharudi, mimi humu siingii tena mpaka nife. Nilitaka kuiangalia shule yangu vizuri."

Mvua ikaanza. Wenzangu wakakimbilia magodoro. Mimi nilibaki mlangoni nikimtazama anavyoondoka na ngazi yake begani.