Betri Juani

Kosa langu la kwanza la ufundi lilikuwa kuifungua redio ya nyanya bila kumwambia. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa natengeneza simu katika kibanda mjini Machakos, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu, na mpaka leo nikimaliza kufunga simu ya mtu naifungua tena kuhakikisha. Wateja hucheka. "Si umeshaiangalia, boss?" Ni kweli nimeiangalia. Mkono ndio hautulii.

Mwezi wa Aprili nilienda nyumbani. Tulikuwa tumeketi uani, nyanya akichambua ndengu, simu yangu ikalia. Lilikuwa kundi la ukoo: tangazo la msiba, picha ya marehemu, maua pembeni, majina ya wafiwa yamejaa mpaka chini. Nyanya akauliza ni nani, nikamwambia. Halafu nikajua kwamba siku hiyo nitamwambia na lile la redio yake.

Kama ulikulia kwetu, rafiki yangu, unaikumbuka saa ile. Habari za mchana zikiisha yanaanza matangazo ya vifo, na nyumba nzima inanyamaza. Mwiko unasimama ndani ya sufuria ya muthokoi, mvuke wa mahindi na maharagwe unaendelea kupanda, hakuna anayekoroga. Mtangazaji alisoma polepole: marehemu, kijiji chake, mume au mke, watoto, ndugu, siku ya mazishi. Simu pale kwetu alikuwa nayo mwalimu mkuu peke yake, na hata yeye ilibidi apande kilimani kutafuta mtandao. Kwa hiyo nyanya alisikiliza kwa niaba ya majirani wote. Akisikia jina analolijua, alitoka nje akaita ng'ambo ya bonde.

Redio ilikaa juu ya kabati, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo wa sauti, nami nadhani niliusikia peke yangu. Ulininyima raha. Jumatano moja nyanya alipoenda shambani, nikaifungua kwa ncha ya kisu, nikapuliza vumbi, nikapangusa kila kitu. Waya mmoja mwembamba ukachomoka kwenye spika. Nikaubandika kwa utomvu wa mti. Nikafunga, nikakinyoosha kitambaa mpaka pembe zote zikalingana.

Mchana redio ikawa bubu. "Betri zimekufa," nyanya akasema, akazitoa na kuzianika juani juu ya jiwe zipate nguvu tena, kama tulivyofanya sote miaka ile. Mimi akaniweka nizilinde. Kwa siku tatu nilizigeuza kama mtu anayechoma mahindi, upande huu, upande ule, nikijua kabisa kwamba hazina kosa.

Jumatatu akaja shemeji yake kutoka Kangundo, alikokuwa ameolewa dada yake mkubwa. Hakungoja hata kukaa.

"Dada yako tulimzika Jumamosi," akasema. "Mbona haukukuja? Jina lako limesomwa kwa redio siku tatu."

Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kuazima ungo, akajishika mdomo. "Mimi nilisikia sokoni, mama. Nikadhani umeshaenda. Nani angekuambia, na wewe ndiye redio ya hapa?"

Nyanya alimpa mgeni maji ya kunawa, akampakulia chakula, akaketi akimtazama akila. Yeye hakuonja kitu. Baadaye fundi wa sokoni aliirudisha sauti upesi sana, akasema waya ulikuwa umechomoka, na nyanya akasema redio imezeeka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza, nikaendelea kunyamaza miaka yote hiyo, nikifungua na kufunga vitu vya watu.

Basi mwezi huo wa Aprili nikamwambia yote, mpaka ule utomvu. Aliuacha mkono wake ndani ya ndengu.

"Kwa hivyo betri zangu zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima, susu." Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba.

"Na ukazigeuza siku tatu."

"Ndio."

"Mjinga wewe."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati. Akachambua ndengu mpaka zikaisha ungoni. Ndipo akauliza, bila kunitazama, "Walinisoma wa ngapi? Kabla ya watu wa bwana wa dada yangu, ama nyuma yao?"

Sikujua. Shemeji yule alishafariki. Niliandika kwenye kundi la ukoo: mmoja akajibu wa kwanza, mwingine akajibu wa mwisho, wa tatu akatuma picha ya mikono ya maombi. Niliwapigia wazee wa Kangundo mmoja mmoja katikati ya kazi, skurubu za wateja zikinidondoka mezani. Hakuna anayekumbuka. Tangazo la Aprili naweza kulifungua hata sasa, neno kwa neno. Lile la dada yake lilisomwa, likaishia hewani.

Hajasema amenisamehe, nami sijathubutu kuuliza.

Siku hizi hasikilizi tena matangazo ya redio. Msiba ukifika kwenye kundi, mimi humpigia simu nikamsomea majina yote tangu la kwanza, na nikilifikia lake nasimama kidogo ili alisikie.