Kizimba Ambacho Hakikuwepo

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Jinja, karani mkuu alinipa ukurasa wa mwenendo wa kesi ninakili kwa mkono. Nikamaliza upesi, nikijiona hodari. Akanirudishia: sikuandika chini kwamba ni nakala, wala nani kainakili. Ninyi wa mashine za kopi mtacheka, lakini karatasi isiyo na mwenyewe haikuingia masjala, yaani chumba chetu cha majalada.

Baada ya vita nikahamishiwa Mbale, masjala ikiwa chini yangu. Hakimu mfawidhi, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa kaskazini, mpole wa sauti, mgumu wa kanuni. Wanafunzi wa sheria waliletwa kwetu kujifunza, wakaandika ripoti ya kesi walizohudhuria. Bila sahihi yake, uwakili wangeusikia tu.

Nambozo, binti aliyepanga chumba mtaa wa Namakwekwe, aliwazidi wote kwa akili. Mama yake akaugua, naye binti akakosa vikao vingi. Aliponiomba ripoti ya mfano, nilimpa ya mwanafunzi wa kabla ya vita, nikamwambia abadilishe majina tu.

Hakimu aliisoma, akamwita, nami nikaambiwa nilete jalada.

"Umeandika mshtakiwa alisimama kizimbani," akasema. "Askari walipasua hii kizimba wakati ya vita, wakapikia posho. Wewe uliona wapi?"

Kweli, washtakiwa wetu walisimama sakafuni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazoea, nisikumbuke.

Nambozo angeweza kusingizia kalamu. "Sikuona, bwana," akasema. "Nimekopi ya mtu."

Hakimu akauliza nani alimpa. Kazi yangu ilikuwa mdomoni mwa Nambozo.

"Mkono ni yangu, bwana," binti akajibu. "Mi ndiyo niliandika."

Hakimu hakutia sahihi. Alimwambia mtu hufungwa kwa neno la wakili anayedai ameona. Akamtaka ahudhurie vikao upya, kisha alitaje kosa lake katika ombi la uwakili. Binti alikaa miezi juu ya kreti ya soda, akiandika alichokiona, wenzake wakimcheka. Katika ombi aliliandika kosa lake bila kisingizio. Mawakili wazee wakamhoji kutwa nzima, wakampokea. Nilifurahi kama niliyemzaa, na hadi leo sijaona wakili ninayemheshimu kama yeye.

Sasa nimestaafu, nakaa Wanyange. Waliponiaga walinisifu kwa uaminifu, nikapiga makofi pamoja nao. Lakini siku ile mbele ya hakimu tulikuwa wawili wa kupimwa, akapimwa mmoja. Mimi nilishika jalada, nikanyamaza.