Bunduki Iliyokataa Kula

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mkwe aliyenipa. Hanywi, hachezi kamari, na hajawahi kuninyanyulia sauti. Nayasema haya mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani simpendi. Nampenda. Ninachokidharau ni bunduki yake, na meza ya bunduki yake, na jioni zote alizozizika juu ya meza ile, mtu mzima mwenye shahada mbili, akikibembeleza kipande cha chuma kikubali kula, kama mtoto mgonjwa.

Wakati huo nilikuwa nakaa Vaughan, kaskazini ya Toronto huku Kanada, katika jengo la wazee, karibu na kituo cha jumuiya yetu pale barabara ya Bathurst, ambako Jumamosi nilisomesha watoto Kurani. Binti yangu na mumewe walikuwa wamepanga nyumba ndogo Mount Dennis, vyumba viwili na ukumbi mwembamba kama kifuniko cha sanduku. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ile ilimtesa. Wanawake wengine hutapika miezi mitatu wakapumzika. Yeye aliingia mwezi wa saba bado anakimbilia sinki. Kwa hiyo kila siku, nikishaswali adhuhuri, nilipiga simu kuuliza kama amekula.

Mkwe wangu alizaliwa Nairobi akaletwa Toronto akiwa bado mdogo. Kwao walizungumza Kiingereza, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha jikoni, alichojifunza kwa yaya. Mimi ni wa Tanga. Kiingereza changu kinatosha kwa daktari na benki, basi. Kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili chake, ambacho kwacho kila kitu ni mtu. Gari hawaki. Friji amekufa. Theluji amekuja tena, Mama. Miaka ya mwanzo nilimsahihisha. Mtu aliyezoea kusahihisha watoto herufi moja mpaka itoke mahali pake kooni hawezi kusikia kosa akanyamaza. Lakini hata subira yangu, ambayo watu huisifu, ilifia kwenye friji. Nikamwacha.

Siku moja nilipopiga simu akapokea yeye.

"Salaam alaikum, baba. Hali ya huko?"

"Mbaya, Mama. Hakuli."

"Hakuli kabisa?"

"Anakula moja, ya pili anakwama hapa kwa koo. Nikimlazimisha, anatapika."

"Unamlazimisha?"

"Nimejaribu polepole, nimejaribu kwa nguvu. Hata nimempiga kidogo kwa chini."

Nikakata simu bila kuaga. Nilipika uji wa mtama wenye tangawizi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikachukua na mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kabisa. Basi la Bathurst, kisha treni, kisha basi jingine, na njia nzima nilikuwa nikisoma istighfari kwa niaba ya mkwe wangu, maana nilijua nitakalomtendea.

Mlango ulifunguliwa na binti yangu. Mkononi ameshika chipsi zilizolowa siki.

"Kakupiga wapi?" nikamwuliza.

Binti yangu husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote waliokulia huku. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyempiga, kwamba asubuhi alitapika kidogo lakini sasa ana njaa, na kwamba nishushe mwavuli. Kisha akaelekeza kidole chumba cha pili.

Huko ndiko nilikomwona mgonjwa. Alikuwa amebanwa kwenye jiliwa, juu ya meza ya mbao nene, amezungukwa na tupa, vitambaa, mafuta na mswaki ambao bila shaka ulikuwa wa binti yangu.

"Huyu ndiye asiyekula?"

"Ndiyo, Mama," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Tangu nimnunue."

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuwa na gobori la kufukuzia ngedere shambani. Bunduki naijua sura yake. Hii haikuwa na sura. Ilikuwa fupi, nene, ya plastiki nyeusi, kama mtu aliyekatwa shingo akashonwa kichwa begani. Akanieleza kwa furaha kwamba ni aina wanayoiita bulpapu. Ili ifupike bila mtutu kupunguzwa, wameirudisha mitambo yote nyuma, na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, huingizwa nyuma ya mahali pa kufyatulia, karibu na kwapa la mpigaji.

"Yaani mdomo uko mbele na chakula unampa makalioni?"

"Mama, ni uhandisi."

"Mwenyezi Mungu kaumba tembo, kaumba sisimizi, kaumba na kiboko. Hakuumba hata mmoja anayelishwa kwa nyuma. Halafu unashangaa anatapika."

Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe hakucheka. Aliichomoa magazini akanionyesha. Haikuwa ya kampuni iliyotengeneza bunduki. Zile zilikuwa adimu, akachukua ya kampuni nyingine iliyoandikwa kwamba inafaa. Inafaa! Ilicheza ndani ya tundu lake kama jino bovu. Akiifunga utepe, ilibana isitoke. Akiupunguza utepe, ililegea tena, na risasi ikainamisha kichwa ikagonga ukingo badala ya kuingia. Sheria ya huku haimruhusu kutia zaidi ya risasi tano katika magazini ya bunduki kama ile, na hizo tano zilimshinda. Mtoto wa paka hula vijiko zaidi ya vitano.

Na haya yote kwa ajili ya nini? Si kwa kuwinda; hata kuku huwa anamnunua amekwisha kukatwakatwa. Si kwa kulinda nyumba. Sheria inamtaka aifungie kwenye kabati la chuma, na mwizi angekuwa amekwisha kunywa chai yeye akitafuta ufunguo. Ni kwa kutoboa karatasi. Jumapili huendesha gari kuelekea kaskazini mpaka kwenye uwanja wa shabaha, hulala kifudifudi kwenye baridi pamoja na wanaume wengine wenye shahada, na hutoboa karatasi. Nilimwambia ninayo mashine ya kutobolea karatasi, niliipata kituoni, haikwami kamwe.

Lakini dharau yangu haikuwa mchezo mtupu. Kile chumba kilikuwa cha mtoto. Kitanda chake kilikuwa bado ndani ya boksi, na boksi limesimamishwa ukumbini, na binti yangu, kwa tumbo lile, alikuwa akipita ubavu kwenda chooni. Nilimwona akipita, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni, akishusha pumzi kama mtu anayepenya uchochoro. Alikuwa akimwomba mumewe aondoe meza tangu majani yalipoanza kudondoka. Kila mara jibu lilikuwa moja: akipona tu huyu.

Jioni ile aliniambia na mimi.

"Mama, akipona tu huyu, natoa kila kitu. Naapa."

"Usiape ovyo. Kiapo cha mwenye tupa mkononi kina uzito gani?"

"Basi nifanye nini ndiyo uniamini?"

"Mtu akitaka kujifunga mbele ya Mola wake, huweka nadhiri. Lakini nadhiri si maneno ya kutupa. Ina tamko lake. Ukilitamka, na sharti likatimia, huna pa kutokea."

Haki yake nimpe, hakutafuta mlango wa kutokea. Akaweka tupa chini, akafuta mikono. Nilimfundisha mwanzo wa tamko, neno kwa neno, kama ninavyowafundisha watoto. Yaliyobaki, nikamwambia, sema mwenyewe, kwa ulimi wako, maana mwenye mzigo ndiye hujua kamba yake. Akavuta pumzi akasema:

"Ni juu yangu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: Jumapili, yeye akikula kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kukwama, bila kutapika, siku hiyohiyo nitaondoa meza na vyote, mtoto apate chumba."

Nilisikia kosa. Nilisikia, lakini nilikuwa nimesafiri, nilikuwa nimecheka, na friji lilikuwa limenifundisha kunyamaza. Nikasema amina.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mwanamke wa umri wangu, namwombea bunduki apate hamu ya kula. Siku zilizosalia wiki ile sikulikwepa hilo, maana kuomba chumba cha mjukuu kulikuwa ni kuomba koo la chuma. Nazijua dua za mvua, za mgonjwa, za msafiri, za aliyepotelewa na kitu. Ya bunduki iliyofungwa choo sikufundishwa. Nilinyanyua mikono nikasema, Ya Rabbi, Wewe wajua ninachokiomba, nami naona haya kukitaja.

Jumapili nilikwenda Mount Dennis mapema ili binti yangu asibaki peke yake. Nilimkuta mkwe wangu akiondoka na sanduku la bunduki, amebadilisha utepe kwa mara nyingine, uso umekunjamana kama wa mpeleka mgonjwa hospitali. Mimi nikaingia jikoni. Nilipika mbaazi za nazi na maandazi ya iliki. Binti yangu alikula, nikasimama karibu na sinki nikimngoja. Hakuja. Adhuhuri akala wali na mchuzi wa samaki, akaomba achari ya embe, akaimaliza. Baada ya alasiri akarudia mbaazi zilizopoa, amesimama, kwa kijiko cha kupakulia. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na nikaendelea kuombea bunduki. Mwanadamu ni kiumbe mwenye kughafilika.

Mume akarudi jua limeanza kuinama. Alifungia sanduku kabatini kwanza, kama sheria inavyotaka, ndipo akaja kukaa mbele yangu.

"Mama, alikula vizuri sana. Asubuhi yote. Mchana yote. Wenzangu wamenipongeza. Halafu mwisho kabisa, moja amekwama."

"Moja?"

"Moja tu. Hiyo inahesabiwa?"

Boksi la kitanda lilikuwa nyuma yake pale ukumbini, refu kumpita. Neno langu moja tu, na chumba kingepatikana. Yeye hakujua sheria, mimi nilijua, na asingeuliza mwingine. Lakini elimu ya dini si tupa, mtu aipitishe anapotaka pawe pembamba.

"Inahesabiwa, baba. Ulisema bila kukwama. Sharti halikutimia. Hukufungwa."

Aliinamisha kichwa. Sikuona furaha usoni mwake, na hilo nalimwandikia kheri. Ndipo binti yangu akaja kutoka jikoni na bakuli lake, akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo hutokea siku za mwezi kupatwa:

"Mama, alisemaje hasa?"

Nimezoea kuhifadhi. Nikayarudia maneno yake kama yalivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza: Jumapili, yeye akikula kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kukwama, bila kutapika...

Nikasimama hapo. Binti yangu alikuwa ameacha kutafuna.

"Yeye nani?" akauliza.

"Bunduki!" akasema mumewe. "Nilimaanisha bunduki!"

"Bunduki ni *ikila*, mume wangu. Anayekula ni mtu. Na mimi nimekula tangu asubuhi. Sijakwama. Wala sijatapika."

Mkwe wangu akanigeukia mimi, macho yametoka. "Mama?"

"Kwa nia, hukufungwa," nikamwambia, maana ndiyo haki. "Mola hutazama kilichokuwa moyoni. Kwa ulimi, umefungwa shingo mpaka miguu."

"Sasa nifuate ipi?"

"Mimi nimekujibu la sheria. La nyumbani muulize mwenye tumbo."

Akamtazama mkewe. Mkewe akachota kijiko kingine cha mbaazi, akakiingiza kinywani taratibu, akameza, akafungua kinywa kumwonyesha kwamba hakuna kilichokwama. Mkwe wangu alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono ambao bado ulinuka mafuta ya bunduki. Kisha akavua koti, akaenda chumbani. Nilisikia tupa zikiingia ndoo, jiliwa likifunguliwa, miguu ya meza ikikwaruza sakafu. Kisha kishindo mlangoni. Kisha kimya. Kishindo tena.

"Mama!" akaita. "Amekwama!"

"Nani?"

"Meza! Hapiti kwa mlango!"

Ile meza aliiundia mlemle ndani, msomi wangu, bila kupima mlango. Nikavuta kiti, nikajimiminia chai.

"Usimlazimishe, baba," nikamwambia. "Atatapika."