Msiba wa Mwandishi Katika Saluni ya Isipingo

Nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya Isipingo, karibu na rank ya taxi, huku nikiota kuwa mwandishi. Kitabu changu kilikuwa kimoja tu, tena hakina jalada: maisha ya mama mmoja wa Amerika aliyeandika riwaya miaka mia hivi iliyopita. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila nilichoelewa niliwasimulia wateja. Mteja anayesikiliza hatikisi kichwa.

Mama mmoja Mrundi, muuza samaki, alimpenda mno yule mwandishi. Aliposikia wachapishaji walivyokuwa wakimrudishia riwaya zake, alisema, "Kama makaratasi yetu ya ukimbizi! Rudi kesho, rudi kesho." Nilipofika pale zilipochapishwa, alipiga vigelegele mpaka nikamchoma na kitana.

Jumamosi moja, nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa chake, nikasema bila kufikiri, "Basi, akafa."

Akanishika mkono. "Acha kusuka."

"Mama, huyu alikufa zamani sana!"

"Mimi nimesikia leo. Kwetu hatusuki nywele kwenye msiba."

Patroni wangu, mwenye saluni, akaniita pembeni. "Eish! Huyu mama iko na harusi Chatsworth jioni. Aende na kichwa nusu shamba, nusu pori? Watu watauliza ni saluni gani! Maliza hiyo matanga, ama utafute kazi ingine."

Kumaliza matanga si kugumu: mtu wa familia anasimama, anaeleza maisha ya marehemu mpaka mwisho, watu wanakunywa kitu, nywele zinaruhusiwa. Familia nilikuwa mimi. Shida ni kwamba kurasa za mwisho za kitabu zilikuwa zimechanika zikapotea, sikujua alikufaje.

Patroni akagawa soda. Nikasimama, kitana mkononi kama maikrofoni, nikaeleza yote niliyojua. Halafu nikakwama.

"Alikufa na nini?" mama akauliza. "Nani alimuloga?"

"Hakuna mtu, mama. Aliandika neno la mwisho, akala sombe, akalala."

"Sombe? Majani ya muhogo, kule Amerika?"

"Iko."

"Nani alimpikia?"

"Jirani yake. Mrundi."

Mama akalia, akacheka, akamaliza soda yangu pia. Kisha akarudi kitini.

"Bon, suka. Ile ya sombe haiko kwenye kitabu, eeh?"

Nikachambua nywele.

"Ndiyo niliyoipenda kuliko zote," akasema. "Lakini ungetia na samaki."