Kaseti ya Nguchiro Iko kwa Koti ya Mwanangu

Basi ile nguchiro kubwa ikabaki imesimama. Ndogo inaruka, inachimba, inakimbia mbele inarudi, kubwa imesimama tu pale kwa TV, kwa daraja, inapumua. Kifua inapanda, inashuka. Na mwenye alikuwa anaishika yuko mochari siku ya tatu.

Ngoja nianze vizuri, huyu jirani ananiandikia ananikumbusha nyinyi hamnijui. Mimi ni mama mzee, nimepita sabini, kamili sijui, chifu aliniandika kwa kukisia. Sikusoma. Naishi Kilimani kwa mjukuu wangu, ghorofa ya sita, na lifti siipendi, inanishika tumbo. Jirani ni mtu wa Mombasa, kila nikisema kitu yangu anataka kuandika kitu changu. Nimemwambia aandike vile inatoka kwa mdomo. Na jina yangu mfiche, maana mjukuu anasoma hii page yenu ya kuomba ushauri.

Huyu mjukuu ni wa mwanangu mkubwa. Mwanangu aliugua karibu mwaka mzima, kutembea ikamshinda, akatuma mtu tao amnunulie mashine ya gemu, mtumba, ile ya kuchomeka kaseti. Ilikuja na kaseti moja tu, ya nguchiro wawili wamepotea wanatafuta kwao. Baba anashika mkubwa, mtoto anashika mdogo. Mtoto alikuwa na miaka nane. Mama yake alikuwa ameshaenda zake, hiyo ni hadithi ingine, tukiingia hapo hatutoki. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapikia na kuwaita wakule. Mwanangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na mgonjwa akicheka hivyo, wewe unaacha ugali ipoe.

Akafariki. Tukiwa tunangoja kusafirisha mwili nyumbani, mtoto akawasha ile kitu. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia, "Kukhu," ndivyo kwetu wanaita nyanya, "usinisumbue. Baba yuko hapo, amesimama tu."

Sijawahi kuogopa hivyo. Kwetu kitu ya marehemu haikai ovyo. Baada ya kuzika kuna siku ya kunyolewa, wazee wanakaa wanagawa, koti kwa huyu, jembe kwa yule, ndio mwenyewe apumzike. Sasa mnyama yake bado inapumua, hiyo wangempatia nani? Sikungoja wazee. Asubuhi ya mazishi, wamama wakiimba nje, nikatia ile kaseti kwa mfuko ya ndani ya koti yake, hapo kwa jeneza, nikafunga kifungo. Nikasema, nendeni wote wawili.

Wazee wakagawa. Mashine ikaenda kwa mdogo wake, mwanangu mwenye amebaki, fundi wa mabomba, anakaa Kangemi. Hapana andika jina yake. Akaifungua mbele ya watu, kaseti hakuna. Na yeye ndiye alikuwa amebeba vitu za marehemu kwa lori. Mtoto akamwangalia, akamwambia, "Umeiuza." Kijana wangu akaapa. Hakuna mtu alimsikiza. Mimi nilikuwa hapo hapo na sahani ya matumbo mkononi, nikaendelea kupakulia watu. Nikajiambia ni mtoto, atasahau.

Hakusahau. Sasa ni mwanamke wa ofisi, huko Hurlingham, na bado anatafuta. Wikendi anakaa kwa kochi anaangalia ofa, ati gemu za wanyama zimeshushwa bei. Amenionyesha zote. Chura na upanga. Panya amevaa koti ya mvua. Mbuni anapeleka barua, na mbuni mwenyewe ni mjinga hivyo. Ananunua, anacheza siku mbili, anaacha. Anasema kampuni siku hizi zinarudisha gemu za zamani, zinasafishwa zinatoka upya, na amewaandikia mara nyingi warudishe ya nguchiro. Ati kuna watu wengi wanaingoja, nchi mbali mbali, wanaandikiana kwa simu usiku na mchana. Mimi naona ni kama matanga.

Nikamuuliza, ikirudi itakuwa ile ile?

"Itakuwa ile ile, Kukhu, lakini itaanza mwanzo. Pale tulifika na Baba pako kwa ile kaseti Uncle aliuza."

Akaendelea kufinya simu yake.

Mnajua mwanangu hajawahi kunijia kwa ndoto hata mara moja? Wamama wengine wanajiwa. Mimi najiwa na nguchiro. Niko jikoni nachambua sukuma, jua imewaka, naisikia inapumua nyuma ya mlango. Nikigeuka, kimya. Nilidhani nimewapumzisha, kumbe labda nimewafungia wote wawili pale kwa daraja.

Sasa Jumamosi hii wageni wanakuja kuongea mahari ya huyu mjukuu. Baba hayuko, kwa hivyo baba mdogo ndiye anakaa kwa kiti, ndivyo iko tangu zamani. Mjukuu amekataa. Ameniambia mwizi hawezi kumpokelea wageni, heri akae mzee wa kanisa. Na kijana wangu alinipigia jana. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, wewe uliwahi niamini?"

Nikamwambia network ni mbaya.

Nikisema ukweli, mjukuu atanitoa kwa roho yake, na mimi nyumba ingine sina. Tena namjua, atataka kaburi ifunguliwe. Nikinyamaza, kijana wangu atasimama nje Jumamosi kama mtu amefukuzwa kwao, na ni mimi nilimfukuza. Nyinyi mmesoma, nyinyi mko na watoto, nawauliza kwa heshima, maneno kama hii mtu anaianzia wapi? Kwa sababu nimejaribu kwa kioo, na hata kwa kioo…

Ngoja. Mjukuu ananiita huko nje. Ati nini?

Anasema uncle yake yuko hapo chini kwa geti. Mlinzi amepiga simu, anauliza kama ni mtu wetu, na yeye amesema hiyo niende nikajibu mimi.

Nipe leso yangu. Wacha niende.