Nzoka wa Kabula

Nilikuwa bado mtoto, kijijini Nkoma, nilipong'amua kwamba dada yangu Kabula ana nyoka tumboni, na kwamba nyoka huyo anakula vizuri kuliko mimi.

Kwetu Usukumani tuliambiwa kila mtu huzaliwa na nzoka wake, nyoka wa tumboni. Akichukizwa hunguruma na kusokota, na dawa yake ni kumbembeleza. Wa Kabula alibembelezwa kwa maziwa mgando na maini ya kuku. Mimi nilitafuna michembe yangu, viazi vikavu vile, nikimtazama.

"Bibi, mbona wangu hapewi kitu?"

"Wako ana adabu," bibi akasema, akinipita na bakuli.

Nikaamua kumkosesha adabu. Nikajikunja, nikalia kwa ufundi. Bibi akanibonyeza tumbo mara moja tu. "Huyu ana njaa. Kachote maji."

Kisha, katikati ya mavuno ya pamba, Kabula akaumwa tena, na safari hii akakataa hata maini. Kesho yake bibi alimbonyeza kitovuni, akashusha mkono chini upande wa kulia, Kabula akapiga ukelele.

"Nzoka hutembea," bibi akamwambia mama. "Huyu amekaa mahali pamoja. Si nzoka huyu. Tutampoteza mtoto."

Pamba ikaachwa shambani. Tukadandia lori wote hadi hospitali ya serikali, Bariadi, na mlinzi akanizuia mlangoni.

"Watoto hawaruhusiwi wodini."

"Na yule?"

"Yule mgonjwa."

Basi hata serikali ilikuwa upande wake.

Bibi alipotoka, uso ulikuwa umelowa. Daktari alikuwa akimkata Kabula kidole tumbo; kingeweza kupasuka wakati wowote. Hapo ndipo nilipoogopa, nikasahau maini.

Niliyakumbuka tena Kabula aliporudi nyumbani na kovu. Wanawake walikuja kulitazama, kila mmoja na chochote mkononi. Nilifurahi kumwona mzima, na wivu ukanikaba vilevile.

Leo nimesoma vya kutosha kujua hakuna nyoka, na kwamba kule kubembeleza kulitupotezea siku nzima. Wanangu wakishika tumbo nauliza wapi, tangu lini, na hatungoji. Ila wivu wangu haukuwa wa maini. Watu wazima wote waliacha pamba kwa ajili ya Kabula. Sijawahi kuumwa kiasi cha kujua kama wangeiacha kwa ajili yangu. Namshukuru Mungu kwa hilo, na bado ningependa kujua.